Mama Mkwe wa Kwenye Usukani

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana. Ukiona inafanana na ya kwenu, tatizo ni macho yako, nenda kapimwe. Mimi mwenyewe ni raia wake mtiifu. Jina langu Sudi Makwaya, kazi yangu bodaboda, kijiwe changu kiko Soko la Chumvi mbele ya duka la magodoro, na pikipiki yangu ni nyekundu. Nayataja haya yote mapema kwa sababu wakubwa wanayajua tayari, na sitaki waje waseme nilificha.

Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mke wangu Mwantumu aliuza cherehani yake tukainunua, na tangu hapo kila kilichoingia nyumbani kwetu, iwe unga, iwe sabuni, kilitoka kwenye kiti chake cha nyuma. Usiku tulilala nayo chumbani, yenyewe upande wa ukuta, sisi upande wa mlango. Kwa hiyo mtu akiigusa pikipiki yangu, hata kwa nia njema, mimi humtazama mikono.

Basi siku moja likaja tangazo redioni. Wizara ya Mwelekeo (sisi tunayo wizara ya mwelekeo, sijui kwenu) ilisema serikali imeona kwa masikitiko makubwa jinsi madereva wa bodaboda wanavyozurura nchini bila kujua waendako. Tangu sasa kila pikipiki itafungwa kifaa kinachozungumza na satelaiti, kimwonyeshe dereva njia. Kufunga ni hiari. Pikipiki ambayo mwenyewe hatatumia hiari yake itakamatwa.

"Hiari imekaa vizuri," nikasema pale kijiweni, kwa sauti, maana Shindano alikuwa karibu.

Huyu Shindano ni dereva mwenzangu. Kijiwe kizima tuliamini kwamba yeye ndiye anayepeleka maneno yetu juu, kwa sababu aliwahi kubadilisha tairi zote mbili kwa mpigo bila kukopa kwa mtu. Yeye naye aliamini ni mimi, kwa sababu kila siku naisifu serikali. Nami naisifu kwa sababu yake yeye! Tulikuwa tukishinda pale tangu asubuhi, tunasifu kwa zamu, kila mmoja amekaukwa na koo.

"Imekaa vizuri sana," Shindano akanijibu, ananitazama kwa pembe ya jicho. "Mimi nilikuwa nashangaa wamechelewa."

"Wamechelewa? Unasema serikali imechelewa?"

"Sijasema imechelewa. Nimesema mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

*

Tukaenda kuchagua. Vifaa vilikuwa vinauzwa kwenye banda la wizara, na muuzaji alikuwa Bwana Kihenge, Afisa wa Uchaguzi Huru wa Vifaa. Alikuwa mtu mfupi mwenye tai ndefu, na nyuma yake zilipangwa aina tatu: Mzalendo, Mzalendo Zaidi na Mzalendo Kamili.

"Chagua bila kushurutishwa," akaniambia, huku askari mwenye bunduki akinisogezea kiti.

Mimi si mgeni wa kununua vitu. Kabla sijatoa hela yangu lazima niulize, hata kama ni nyanya. Nikamuuliza kama kifaa kinahimili mvua, maana pikipiki haina paa.

"Mvua haimo kwenye mkataba," akasema.

"Na jua la mchana? Kioo chake kinasomeka?"

"Wewe jua unalitazama la nini? Tazama barabara."

"Sasa afisa, kama natazama barabara, kifaa cha nini?"

Akaweka kalamu mezani taratibu. "Jina lako nani vile?"

Loo! Nikajua nimeuliza swali moja zaidi ya yanayoruhusiwa. Nikacheka, nikasema ni utani, nikanyoosha kidole kwenye Mzalendo wa kawaida, kile kidogo, ambacho kingekaa vizuri kwenye usukani bila kunizuia kuona mbele. Bwana Kihenge akakitazama kidole changu.

"Cha kawaida? Uzalendo zaidi umekushinda?"

Kidole kikahama chenyewe. Kilipita Mzalendo Zaidi bila kusimama kikatua kwenye Kamili. Baadaye nilipokutana na wenzangu tulivifungua vyote vitatu tukakuta ndani ni kitu kimoja, ila Kamili kina boksi kubwa na picha ya Waziri.

*

Kufunga ilikuwa lazima ufungiwe na fundi wa wizara, na fundi wa wizara alikuwa Bwana Kihenge huyo huyo, amevua tai. Kishikio hakikuenea kwenye usukani. Akasema usukani wangu ndio haukuenea kwenye kishikio. Basi akakata vipande vya tyubu kuukuu akakifunga kifaa kwa mipira, pu, pu, pu, kama mtu anayefunga kuku wa safari, akakiweka juu ya mita ya mwendo kasi ili nisihangaike kuitazama. Umeme wake akauchukua kwenye waya wa honi. Tangu siku hiyo, nikipiga honi kifaa kinazimika, na kifaa kikiwaka honi inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa ajili ya ile mvua isiyokuwa kwenye mkataba nikakivalisha mfuko wa nailoni mwenyewe.

Lakini mimi jicho langu lilikuwa kwingine. Pale kwenye uso wa kifaa palikuwa na kitobo kidogo, na ndani ya kitobo kitaa chekundu, na kitaa kile kilinielekea mimi, si barabara.

"Afisa, hiki kitobo cha nini?"

"Cha kupumulia."

"Kifaa kinapumua?"

"Kila kitu cha serikali kinapumua," akasema, akanigonga begani. "Safari njema."

Nikakiwasha. Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, ya taratibu, yenye heshima zake: "Mwanangu, hujambo. Kata kulia." Nikajikuta nimeshusha miguu na kukaa vizuri. Na si mimi peke yangu. Kijiwe kizima tulikiita kifaa kile Mama Mkwe, kwa sababu huwezi kubishana nacho, huwezi kutukana mbele yake, na hujui kitakwenda kusema nini kwa watu. Kulikuwa na dereva mmoja bingwa wa matusi ya barabarani. Akawa mtu wa kusema "samahani kaka, hukuniona", machozi yanamlenga. Shindano yeye aliacha hata kuvuta sigara.

Mimi Mwantumu akipanda nyuma akaanza habari za bei ya sukari, nilikuwa nakohoa mpaka tufike.

"Una kikohozi?" akaniuliza siku moja.

"Nina mkwe," nikasema, nikamwonyesha kitobo. Akafunga mdomo, akajiweka sawa khanga.

*

Sasa tabu ilianza kwenye njia zenyewe. Mama Mkwe alikuwa anaijua nchi ambayo mimi sijawahi kuiona. Kwenye mihogo ya watu yeye anaona barabara ya njia sita. Kwenye uwanda wa kulishia mbuzi anaona hospitali ya rufaa. Na pale Soko la Chumvi, tunapoishi watu wote hawa na watoto wetu, haoni kitu. Nikifika nyumbani ananiambia kwa huruma: "Mwanangu, mahali ulipo hapapo."

Nilikuja kuelewa sababu kutoka kwa Bwana Kihenge mwenyewe, siku niliyompakia bure. Wizara haikumtuma mtu kwenda kupima barabara, maana kwenda kunataka gari, na gari lilikuwa limekwenda harusini. Wachora ramani walikaa ofisini wakasikiliza hotuba za viongozi zilizorekodiwa. Kila kiongozi aliposema "nafungua rasmi", wao wakachora. Makofi yakiwa mengi, wakachora pana. Soko la Chumvi hakuna aliyewahi kulifungua, ndiyo maana hatupo.

"Ni njia ya kisayansi," akasema. "Kiongozi hawezi kufungua kitu ambacho hakipo."

"Haiwezekani kabisa," nikasema. Taa nyekundu ilikuwa inanitazama.

Na sheria ilikuwa kwamba ukitoka kwenye mstari wa Mama Mkwe, umepotoka. Anapiga kelele, "Umepotoka mwanangu!", na wizarani wanasikia. Ukizoea kupotoka, pikipiki inataifishwa. Tufanyeje? Tukajifunza kupita humo humo. Tulisukuma pikipiki kwenye mihogo, abiria anatembea nyuma anajitoa miiba, tunasalimiana na wakulima. Abiria nao wakajifunza kutaja mahali palipo kwenye ramani. Mashine ya kusaga ilikuwa imesimama pale ambapo Mama Mkwe anaona uwanja wa ndege wa kimataifa, basi utamwona mama wa watu kajitwisha debe la mahindi anakuja kijiweni, anatazama kushoto na kulia, anasema: "Baba, nipeleke uwanja wa ndege. Na unisubiri, narudi na unga."

Kwenye Mto Mbwemba ndiko tulikokuwa tunapumua. Mto ule unaukata mji vipande viwili, na juu yake pana Daraja la Mshikamano, ambalo limefunguliwa na kila waziri aliyepita, wa mwisho alilifungua usiku kwa taa. Daraja lenyewe halipo. Kuna vijana wenye mabega, wabebaji, wanaoipitisha pikipiki yako kwenye miti miwili, maji yanawafika kifuani, na abiria anapanda shingoni kwa mwingine. Kwa kuwa wanakata moja kwa moja, Mama Mkwe huwa ameridhika kabisa. Kwa hiyo hakuna aliyelalamika, na mimi sasa hivi silalamiki, naeleza tu.

*

Ikafika Wiki ya Mwelekeo. Waziri wetu, Mheshimiwa Tunu Kalembwani, akatangaza kwamba atapanda bodaboda yeye mwenyewe, mbele ya taifa, kutoka mjini mpaka ng'ambo ya mto, akiongozwa na kifaa peke yake, matangazo ya moja kwa moja redioni. Alihitajika dereva mtiifu kuliko wote. Watu wa itifaki wakaja kijiweni wakauliza ni nani.

Nikafungua mdomo niseme Shindano. Shindano akaniwahi.

"Sudi Makwaya!" akapaza sauti. "Huyu anaisifu serikali mpaka usingizini. Muulizeni mtu yeyote."

Wenzangu wote wakaitikia, tena kwa furaha, maana kila mmoja alikuwa ameona jina lake linakuja. Mtu wa itifaki akanipa mkono. Nikamuuliza, kwa adabu zote, kuhusu wale wabebaji wa mtoni.

"Tumewaondoa," akasema. "Watu kubeba pikipiki mbele ya daraja ni picha mbaya. Tena marufuku waonekane pale tena."

Nikaenda nyumbani. Mwantumu alikuwa anachambua mchele. Nikaifunika pikipiki khanga mbili, nikamvuta mpaka uani, nikamweleza kwa kunong'ona. Akaniuliza swali moja tu.

"Sasa mtapita wapi?"

"Juu ya daraja."

Tukatazamana. Mke wangu nimeishi naye miaka, nampenda, na bado nilisita kusema mbele yake kwamba halipo. Naye nilimwona anasita. Halafu machozi yakamtoka.

"Sudi, mimi cherehani yangu niliitoa. Mkiingia na pikipiki majini tumekwisha. Mimi na wewe tumekwisha!"

"Na nikisimama ukingoni, nitakuwa nimesema daraja halipo. Wataitaifisha vile vile, na mimi juu yake."

Akajifuta kwa upindo wa khanga, akarudi kwenye ungo wake. Akachambua, akachambua. Kisha akasema bila kuinua uso: "Basi usiseme wewe. Mwache aseme huyo Waziri."

*

Siku yenyewe palikuwa na ngoma, na matarumbeta, na watoto wa shule wamesimamishwa juani. Waziri akatoa hotuba kabla ya kupanda.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa yana mafuta. Kuna mataifa yana almasi. Sisi tuna mwelekeo! Mafuta huisha. Almasi huibwa. Lakini mwelekeo wetu hauibiki, kwa sababu hata mwizi hajui uko wapi!"

Makofi yakapigwa mpaka kunguru wakaruka. Mheshimiwa akavaa kofia ngumu juu ya kilemba, akapanda kiti cha nyuma kwa upande, mtangazaji wa redio akamwekea kipaza sauti kifuani na kingine akanibandika mimi, na nyuma yetu msafara wa magari ukanguruma. Mama Mkwe akasema, "Wanangu, hamjambo. Nendeni moja kwa moja." Tukaenda moja kwa moja.

Nitawaambia nilichokihisi. Kila Mama Mkwe alipotaja daraja, mikono ya Mheshimiwa ilinibana kiunoni. "Daraja liko mbele kidogo," mikono ikabana. "Jiandaeni kuvuka," nikakosa pumzi. Nikajua kumbe anajua! Waziri anajua, mtangazaji anajua, msafara mzima unajua, na kila mtu anamngoja mwenzake awe wa kwanza kujua.

Tukafika ukingoni. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuta matawi. Watu wamejaa kingo zote mbili. Nikasimamisha pikipiki tairi la mbele linaguswa na maji, nikasafisha koo.

"Mheshimiwa Waziri," nikasema kwenye kipaza sauti, nchi nzima inasikia, "tumefika darajani. Nivuke?"

Matarumbeta yakanyamaza.

"Kwani wewe dereva unaonaje?" akaniuliza, sauti tamu, kucha zimeniingia ubavuni.

"Mimi sioni kwa macho yangu, Mheshimiwa. Mimi naona unavyoona wewe."

"Mbona umesimama?"

"Nangoja mwelekeo, Mheshimiwa. Wewe ndiye wizara."

"Wanangu, endeleeni," akasema Mama Mkwe. "Daraja lipo."

Wallahi mngeona! Umati wote ule, na kila mtu anamtazama jirani yake midomo, aone itafunguka ya nani. Shindano nilimwona, ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Mimi, nisifiche, nilikuwa nafurahi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemuuliza mkubwa swali na yeye ndiye anayetoka jasho.

Mheshimiwa Tunu Kalembwani akashuka. Akavua viatu, akampa msaidizi wake.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Daraja zuri namna hii si la kupitwa mbio mbio juu ya pikipiki. Nitalitembea kwa miguu yangu, niikague kazi!"

Akaingia mtoni. Maji yakamfika magotini, akapunga mkono. Yakamfika kiunoni, vitenge vikafunguka juu ya maji pande zote, akanyoosha mkono pembeni kama anayeshika ukingo wa chuma, akautikisa. "Imara!" akasema. Umati ukajibu, "Imara!" Wasaidizi wake wakamfuata, mafaili kichwani, mmoja anamshikia mwavuli. Katikati ya mto mkondo ukamchukua huyu wa mwavuli, akaenda nao akizunguka. Mtangazaji akasema redioni kwamba afisa mmoja ameamua kukagua nguzo. Aliokotwa chini huko akiwa mzima, kakumbatia gogo. Mheshimiwa alipotokea ng'ambo amelowa chapachapa, mtangazaji akawaambia wananchi waone jinsi kiongozi wao anavyotoka jasho kwa ajili yao.

Mimi nimebaki ukingoni na pikipiki yangu nyekundu, kavu, salama. Nikasema moyoni, Mwantumu, wewe mwanamke una akili! Nikaanza hata kucheka.

Mkono ukanishika ukosi. Alikuwa askari.

"Kwa nini umeegesha chombo kwenye mdomo wa daraja?" akauliza. "Msafara mzima wa Waziri umeshindwa kuvuka kwa sababu yako."

*

Pikipiki ikashikiliwa, mimi nikapelekwa mahakamani kwa kosa la kuziba Daraja la Mshikamano. Hakimu alikuwa anaishi ng'ambo. Alipoingia, suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani na viatu vinatoa sauti, chwa, chwa, lakini alikaa kwa heshima zote. Mwendesha mashtaka naye alikuwa anakamua soksi chini ya meza.

Shindano alitoa ushahidi. Alisema aliniona kwa macho yake nimeziba. Hakunitazama usoni, na mimi sikumlaumu sana, pale mtu usipoona wanakusaidia kuona.

Mwantumu alikuwa benchi la nyuma. Nikamtazama, nikawaza. Utetezi wangu ulikuwa neno moja tu: halipo. Nikilisema, naachiwa kwa kosa la kuziba, nafungwa kwa kosa la kukana. Lakini mimi nami nimekaa na hawa watu muda mrefu, kuna vitu nimejifunza. Nikaomba niapishwe.

"Mheshimiwa Hakimu," nikasema, "mimi Sudi Makwaya naapa kwamba Daraja la Mshikamano lipo. Nimelivuka mara nyingi. Ni pana ajabu! Njia sita, zinapishana malori. Sasa naomba nielimishwe. Pikipiki moja, tena ndogo, inawezaje kuziba daraja pana kiasi hicho? Au mwendesha mashtaka anataka kusema daraja la serikali ni jembamba?"

Mwendesha mashtaka akasimama, akafungua mdomo, akatazama huku na huku, akakaa. Hakimu akaandika muda mrefu. Kisha akasema mshtakiwa ameonyesha uelewa mkubwa wa miundombinu, hana hatia, arudishiwe pikipiki yake leo hii.

Mwantumu alipiga kigelegele mpaka akatolewa nje. Tulikumbatiana pale barazani, mbele za watu, nikamwambia jioni hii nakupakia mpaka uwanja wa ndege na turudi. Alicheka huku analia.

Nikaenda kituoni kuchukua pikipiki. Karani wa polisi akaniambia haipo pale, imehamishiwa kituo kikuu, ng'ambo.

"Ilihamishwaje?" nikauliza.

"Iliendeshwa. Kuna askari mgeni, ametoka mkoani juzi. Alifuata kifaa chako."

"Akapita wapi?"

"Kapita darajani. Kwani kuna njia nyingine?"

"Askari mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, ana homa. Alirudi amelowa." Karani akainamisha kichwa, akajifanya anapanga kalamu. Alikuwa mtu mzima, nadhani alikuwa ananionea huruma.

"Afande," nikasema, "pikipiki yangu imezama mtoni."

"Imezamaje, ndugu yangu, na pale pana daraja? Njia sita. Umeapa mwenyewe asubuhi." Akanisogelea, akanong'ona. "Au unataka kubadilisha kiapo? Niwaite?"

Nikasema hapana. Nikasema ahsante. Nikatoka.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda mtoni, nikavua shati, nikaingia. Wabebaji hawakuwepo, wameshapigwa marufuku. Nikawa napapasa kwa miguu, hatua kwa hatua, maji yananipanda, mpaka karibu na katikati kidole changu kikagonga kitu. Nikapiga mbizi. Ilikuwa yenyewe. Nimelala na usukani ule chumba kimoja, naujua. Imelala ubavu, tope limeshaishika, mtu mmoja haitoi. Na hata ningeitoa, ningeipandishaje ukingoni mchana, inatiririka maji, mimi niliyeapa? Nikaibuka kuvuta pumzi, maji shingoni, mguu wangu nimeukanyagisha kwenye kiti chake cha nyuma ili nisiipoteze. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia kwa sauti.

Ukingoni akatokea askari wa doria.

"We bwana! Unafanya nini huko?"

Nikajipangusa uso kwa mkono uliolowa.

"Natembea darajani, afande."

Akanitazama. Akatazama juu ya mto, akatazama chini, akahakikisha hakuna mwingine anayetuona.

"Basi tembea kushoto," akasema. "Usizuie wenzako."

Nikasogea kushoto.